Kuchomeka, Kuweka Daraja na Kufungamanisha: Lugha ya Kadi za Mtandao Katika Seva ya Ofisi

Sentensi fupi kama "Unganisha kadi zote mbili za mtandao", ikiandikwa katika mwongozo wa seva, yaweza kusomwa kwa namna tatu. Fundi wa kwanza atachomeka kebo mbili kwenye swichi na kuishia hapo. Fundi wa pili ataziweka kadi hizo ziwe daraja, ili kinachoingia upande mmoja kitokee upande wa pili. Fundi wa tatu atazifunga pamoja ndani ya mfumo wa kompyuta hadi zionekane kuwa kadi moja. Wa kwanza hatapata faida yoyote aliyoahidiwa na mwongozo. Wa pili anaweza kuusimamisha mtandao wa ofisi nzima kabla hajamaliza kikombe chake cha chai. Wa tatu ndiye aliyetenda kilichokusudiwa. Mwongozo ulikuwa mmoja, na kitenzi kilikuwa kimoja. Kilichokosekana ni uangalifu wa mfasiri.

Makala haya yanaeleza jambo hilo la tatu, yaani kuzifanya kadi mbili au zaidi za mtandao zitumike kama moja katika seva ya ofisi. Yanaeleza lilivyo, maneno yanayolifaa kwa Kiswahili, na mpangilio wa kutafuta hitilafu linapokataa kufanya kazi.

Kitu chenyewe

Kadi ya mtandao ni kifaa kinachoiwezesha kompyuta, ambayo nchini Kenya huitwa pia tarakilishi, kutuma na kupokea data kupitia kebo. Kila kadi hutoka kiwandani na anwani yake ya kudumu, inayojulikana kama anwani ya MAC, yenye urefu wa biti 48. Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine: hutunza mafaili ya pamoja, huendesha programu ya mishahara au hupokea nakala za akiba za kila usiku. Swichi ni kisanduku chenye matundu mengi ambamo kebo za kompyuta zote hukutana. Swichi hujifunza kwamba anwani fulani iko kwenye tundu fulani, kisha hupeleka kila fremu ya data kwenye tundu linalohusika peke yake.

Seva nyingi za ofisi huja na kadi mbili au zaidi. Sababu za kuzifunga pamoja ni mbili. Ya kwanza ni usalama wa huduma: kebo moja ikikatika au kadi moja ikifa, nyingine iendelee na kazi bila watumiaji kugutuka. Ya pili ni uwezo: watu wengi wanapohudumiwa kwa wakati mmoja, mzigo wao ugawanywe katika njia zaidi ya moja. Ili kufanikisha hayo, mfumo wa uendeshaji huunda kadi ya pamoja, isiyoshikika kwa mkono, ambayo programu zote za seva huiona kana kwamba ndiyo kadi pekee iliyopo. Anwani ya IP huwekwa kwenye kadi hiyo ya pamoja, na kadi halisi zilizo chini yake hubaki kuwa wabebaji tu.

Kwa miaka mingi kazi hii ilifanywa na programu za watengenezaji wa kadi, wakiwamo Intel na Broadcom. Windows Server 2012 ndiyo iliyouingiza uwezo huo ndani ya mfumo wenyewe, ikiruhusu hadi kadi 32 katika kundi moja. Windows Server 2016 ikaongeza namna nyingine iliyomo ndani ya swichi pepe ya Hyper-V, yenye ukomo wa kadi 8. Linux nayo ina moduli yake yenye namna saba za kufanya kazi, zilizopewa namba kuanzia 0 hadi 6. Kiwango cha kimataifa kinachoeleza jinsi seva na swichi zinavyopatana juu ya jambo hili kiliidhinishwa na taasisi ya IEEE mwaka 2000 kwa jina la 802.3ad, na mwaka 2008 kikahamishiwa katika kiwango cha 802.1AX. Mfasiri atakutana na majina yote mawili, wakati mwingine katika ukurasa mmoja, na inampasa ajue kwamba hayo si mambo mawili tofauti.

Vitenzi vitatu vinavyochanganywa

Kitenzi -unganisha ni kauli ya kutendesha ya -ungana, ambayo nayo imetokana na -unga. Ni kitenzi chema na kipana: mtu huunganisha vipande vya mbao, huunganisha umeme nyumbani, huunganisha sentensi mbili. Upana huo ndio unaoleta matatizo katika maelezo ya kiufundi, kwa kuwa unafunika matendo matatu ambayo fundi hapaswi kuyachanganya.

Tendo la kwanza ni kuchomeka. Kebo huchomekwa kwenye tundu na huchomolewa. Kitenzi hiki kinataja kazi ya mkono, na hakiahidi chochote kuhusu mipangilio ya ndani. Palipo na kebo na tundu, -chomeka na -chomoa havina mpinzani.

Tendo la pili ni kuweka daraja. Kadi mbili zilizowekewa daraja hupitisha fremu kutoka moja kwenda nyingine, kana kwamba seva yenyewe imegeuzwa swichi ndogo. Jambo hili lina matumizi yake halali, hasa katika kuzipatia mtandao mashine pepe. Lakini kadi mbili zenye daraja kati yao zikichomekwa kwenye swichi moja, njia inakuwa duara. Fremu ya tangazo, yaani ile inayopelekwa kwa kompyuta zote, hutoka kwenye swichi, hupita ndani ya seva, hurudi kwenye swichi na kuanza tena safari. Pasipokuwa na itifaki ya kuzuia duara, matangazo hayo huongezeka hadi yakajaza mtandao wote, na hata kompyuta zisizohusiana na seva hiyo hukwama.

Tendo la tatu ndilo kiini cha makala haya, na kitenzi kinacholifaa ni -fungamanisha. Mzizi wake ni -funga. Kiambishi -am- kinaonyesha hali ya kukaa vivyo hivyo bila kulegea, na -an- kinaonyesha kwamba wahusika ni zaidi ya mmoja na kila mmoja ameshikwa na mwenzake. Watumiaji wa Kiswahili wanalifahamu neno hili tangu zamani katika siasa, pale zinapotajwa nchi zisizofungamana na upande wowote. Vitu vilivyofungamana havikuyeyuka vikawa kimoja. Kila kimoja kipo na kinaweza kuhesabiwa, ila vinatenda kwa pamoja. Hivyo ndivyo zilivyo kadi mbili za seva. Kundi la kadi hizo laweza kuitwa fungamano, na tendo lenyewe ufungamanishaji. Mafundi katika mazungumzo ya kila siku husema "timu", na neno hilo halina kosa. Katika mwongozo, hata hivyo, "timu" huenda ikachanganywa na timu ya wafanyakazi wanaoisimamia seva, jambo ambalo "fungamano" haliruhusu.

Namna tatu za kufungamanisha

Mfasiri anayeelewa namna kuu tatu za ufungamanishaji ataelewa pia karibu kila hitilafu itakayotajwa mbele yake.

Namna ya kwanza ni ya akiba. Kadi moja hufanya kazi yote na nyingine husubiri, mfano wa tairi ya akiba au mchezaji wa akiba. Ya kwanza ikianguka, ya pili hushika nafasi yake. Swichi haihitaji kuambiwa lolote, na kebo hizo mbili zaweza hata kwenda kwenye swichi mbili tofauti. Kasi haiongezeki, na hakuna aliyeahidi kwamba itaongezeka.

Namna ya pili ni fungamano tuli. Kadi zote hufanya kazi kwa pamoja, na msimamizi huweka mipangilio kwa mkono pande zote mbili: ndani ya seva na ndani ya swichi. Pande hizo hazisemezani. Kila upande unaamini kwamba mwenzake amepangwa sawasawa, na imani hiyo isipokuwa na msingi hakuna atakayeonya.

Namna ya tatu ni fungamano la mapatano, linaloendeshwa na itifaki ya LACP. Hapa seva na swichi hupelekeana ujumbe mfupi kila baada ya sekunde 30, au kila sekunde 1 palipochaguliwa mwendo wa haraka. Kebo isiyoleta ujumbe kwa muda wa jumbe tatu, yaani sekunde 90 au sekunde 3, huondolewa katika fungamano. Kila upande hupangwa ama uwe wa kuanza mazungumzo au wa kungoja kusemeshwa. Mmoja akianza na mwingine akingoja, mapatano hufanyika. Wote wakianza, hufanyika pia. Wote wakingoja, hali inakuwa ya watu wawili waliokutana njiani, kila mmoja akisubiri aamkiwe kwanza: watasimama hapo hadi jua litue.

Zipo pia namna za kugawa mzigo zisizotegemea swichi, ambazo seva hujiamulia yenyewe ipitishe nini wapi. Katika Windows Server, kwa seva ya mafaili ya kawaida isiyo na mashine pepe, namna hiyo hutuma data kupitia kadi zote, lakini hupokea kupitia kadi moja. Tofauti hiyo ya kutuma na kupokea ni lazima ibaki wazi katika tafsiri, kwa sababu nakala za akiba za usiku huingia ndani ya seva, na anayezisubiri zimalizike kabla ya alfajiri hatasaidiwa na kasi ya kutoka.

Kugawa si kusawazisha

Lalamiko linalojitokeza zaidi kuhusu kadi zilizofungamanishwa halitokani na uharibifu wowote. Msimamizi amefunga kadi mbili, kila moja ya gigabiti 1 kwa sekunde. Skrini ya seva inamwonyesha gigabiti 2. Ananakili faili la gigabaiti 10 na kuona kwamba muda ni ule ule wa jana. Anadhani fungamano limeharibika.

Hesabu yake inaeleweka. Gigabiti 1 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 125 kwa sekunde, hivyo faili la gigabaiti 10 haliwezi kupita kwa chini ya sekunde 80. Naye alitarajia 40. Kosa liko katika dhana ya bomba lililotanuliwa. Fungamano halitanui bomba. Linaongeza bomba la pili kando ya la kwanza. Fremu za mazungumzo mamoja kati ya kompyuta mbili hupitishwa kwenye kebo moja tu, ili zisifike zikiwa zimepitana na kuvuruga mpangilio. Kebo ipi itumike huamuliwa kwa kanuni ya hesabu inayotazama anwani za mtumaji na mpokeaji, na wakati mwingine namba za huduma inayotumika. Anwani zile zile hutoa jibu lile lile kila mara. Mtu mmoja akinakili faili moja atapata kasi ya kebo moja. Watu ishirini wakinakili kwa pamoja, baadhi wataangukia kebo ya kwanza na baadhi ya pili, na hapo ndipo faida huonekana.

Jambo hili linamhusu mfasiri moja kwa moja. Miongozo mingi huliita "kusawazisha mzigo". Kitenzi -sawazisha kinaahidi usawa: shamba lililosawazishwa halina kilima wala bonde. Kanuni ya hesabu haiahidi hivyo. Yamkini watu kumi na watano wakaangukia kebo moja na watano nyingine, na hakuna kilichoharibika. "Kugawa mzigo" ni usemi mkweli zaidi, kwa kuwa mgao unaweza kuwa sawa au usiwe sawa, na msomaji hatadai kitu ambacho kifaa hakikuahidi.

Mpangilio wa kutafuta hitilafu

Hitilafu ya kweli inapotokea, utafutaji wake hufuata ngazi kutoka chini kwenda juu. Anayeanzia juu, kwenye mipangilio, mara nyingi hubadilisha mambo manne kwa pamoja na asijue ni lipi lililoponya au kuharibu.

Ngazi ya kwanza ni kebo na tundu. Kila kadi hutazamwa peke yake: je, imewaka, na kwa kasi gani? Ethaneti ya gigabiti 1 kwenye kebo ya shaba hutumia jozi zote nne za nyaya. Ile ya megabiti 100 hutosheka na jozi mbili. Kebo yenye jozi moja iliyokatika inaweza kuwasha taa kama kawaida, lakini kasi ikashuka hadi megabiti 100. Kadi iliyoshuka hivyo haiwezi kuingia pamoja na mwenzake wa gigabiti 1 katika fungamano la mapatano. Katika Linux amri ya ethtool huonyesha kasi hiyo. Katika Windows huonekana kwenye hali ya kadi. Msimamizi hubadilisha kebo kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko vyote.

Ngazi ya pili ni uanachama. Je, kadi zote mbili zimo kweli ndani ya fungamano, na hakuna programu nyingine inayozidai? Programu ya mtengenezaji wa kadi na ile ya mfumo wa uendeshaji hazipaswi kutumika pamoja katika seva moja. Fungamano lenye mabwana wawili halitulii. Iwapo programu ya zamani ilisahaulika, iondolewe kwanza.

Ngazi ya tatu ni mapatano na swichi. Hapa ndipo penye makosa mengi. Maswali ni haya: swichi imepangwa kwa namna ile ile kama seva? Matundu yaliyopangwa ndiyo yenye kebo za seva, au mtu alihamisha kebo wakati wa usafi? Je, kebo zote mbili zinakwenda kwenye swichi moja? Fungamano la mapatano haliwezi kugawanywa kati ya swichi mbili zinazojitegemea, isipokuwa swichi hizo zimetengenezwa na kupangwa zijitambulishe kama moja. Katika Linux, faili la /proc/net/bonding/bond0 hutoa ushahidi wa kutosha. Anwani ya mshirika ikiwa sifuri tupu, swichi haijajibu kabisa. Kadi mbili zikionyesha namba tofauti za kundi, kila moja imepatana na upande wake, na moja tu kati yao ndiyo inayotumika.

Ngazi ya nne ni sehemu za mtandao zijulikanazo kwa ufupisho wa VLAN. Matundu yote mawili ya swichi lazima yawe katika sehemu ile ile. Moja likisahaulika, seva itafanya kazi vizuri kwa wiki nyingi kwa kutumia kadi ya kwanza, na siku kadi ya kwanza itakapoanguka, akiba itashika nafasi na kukuta iko katika chumba kingine.

Ngazi ya tano ni anwani. Anwani ya IP ikae kwenye kadi ya pamoja peke yake. Kadi halisi katika Linux ikibakiwa na anwani ya zamani, seva yaweza kupeleka majibu kwa njia isiyostahili, na watumiaji wataona huduma inayokuja na kupotea.

Jambo la mwisho ni kwamba taa ya kijani haithibitishi njia nzima. Ukaguzi wa kawaida huitazama kebo iliyo kati ya seva na swichi ya kwanza. Swichi hiyo ikikatika kutoka kwa swichi inayofuata, taa itaendelea kuwaka, na kadi ya akiba haitaitwa. Linux inaruhusu ukaguzi wa namna nyingine, ambapo seva hutuma ulizo kwa kompyuta iliyo mbali zaidi na kungoja jibu lake. Jibu likikoma, kadi inahesabiwa kuwa imeanguka.

Mfano wa ofisi moja

Ichukuliwe ofisi yenye wafanyakazi thelathini na seva moja ya mafaili. Seva ina kadi mbili katika fungamano tuli, nalo limefanya kazi bila lawama kwa muda mrefu. Swichi ya zamani inaungua kwa sababu ya umeme, na mpya inanunuliwa siku hiyo hiyo. Fundi anazichomeka kebo zote mahali pake, taa zote zinawaka, naye anaondoka. Kesho yake ni siku ya kuandaa mishahara. Mhasibu anafungua faili, linakubali, anapolihifadhi, linakataa. Dakika moja baadaye linakubali tena. Anaandika kwa fundi: "Mtandao ni mbovu."

Ngazi ya kwanza haionyeshi tatizo: kadi zote ziko kwenye gigabiti 1. Ya pili vilevile. Katika ngazi ya tatu ukweli unajitokeza. Swichi mpya haijaambiwa kwamba matundu mawili yale ni ya fungamano moja. Seva, kwa kuwa bado inaamini mpangilio wa zamani, inatuma kwa anwani moja ya MAC kupitia kadi zote mbili. Swichi inaona anwani hiyo kwenye tundu la tatu, kisha kwenye la nne, kisha tena kwenye la tatu. Kumbukumbu zake zimejaa onyo kwamba anwani moja inahamahama. Fremu zinazokwenda kwa seva zinafuata anwani ilikoonekana mara ya mwisho, na mazungumzo yanayumba kila anwani inapohama.

Dawa ni mojawapo ya mbili: matundu hayo ya swichi mpya yapangwe kuwa fungamano, au seva ibadilishwe kwenda namna isiyotegemea swichi. Kununua kadi mpya kungekuwa hasara tupu. Wakati mishahara ikisubiri, kuchomoa kebo moja kunatosha kuituliza hali kwa muda, kwa kuwa anwani haina tena pa kuhamia.

Baada ya matengenezo hufuata jaribio, nalo hufanywa baada ya saa za kazi. Kompyuta moja huwekwa iiulize seva kila sekunde kwa amri ya ping. Kebo ya kwanza huchomolewa. Majibu yaliyopotea huhesabiwa. Kebo hurudishwa, hesabu huendelea, kisha ya pili huchomolewa. Ikiwa mawasiliano hukatika kwa karibu sekunde 30 pale kebo inaporudishwa, aghalabu sababu ni itifaki ya zamani ya kuzuia duara ndani ya swichi, ambayo hulisikiliza tundu kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde nyingine 15 kabla ya kuliruhusu lipitishe data. Fungamano ambalo halijawahi kujaribiwa kwa kuchomoa kila kebo kwa zamu halijulikani kama ni zima.

Maneno ya kuzingatia

Kauli ya mhasibu, "Mtandao ni mbovu", haikuwa ya uongo, ila haikumwelekeza fundi popote. Taarifa nzuri ya hitilafu hutaja kilichotendwa, kilichoonekana, na kilichobadilika karibuni: "Tangu swichi ibadilishwe jana, faili hufunguka lakini hukataa kuhifadhiwa, kisha hukubali baada ya muda mfupi." Taarifa hiyo inamfikisha fundi kwenye ngazi ya tatu kabla hajainuka kitini. Mwalimu anaweza kuitumia darasani kama zoezi la kubadili malalamiko kuwa maelezo.

Tundu (ma-): mahali pa kuchomekea kebo. "Kebo ya seva iko kwenye tundu la tatu la swichi." Neno hili lisibadilishane na lango, ambalo lifae kutajia njia ya kutokea kwenda mitandao mingine. Anayeambiwa "badilisha lango" atabadilisha mpangilio. Anayeambiwa "badilisha tundu" atahamisha kebo.

Kiungo (vi-): neno lenye kazi nyingi mno. Ni sehemu ya mwili, ni kikolezo cha mchuzi, ni mchezaji wa kati uwanjani, na ni maandishi ya kubofya katika tovuti. Kwa njia iliyo kati ya seva na swichi, "kebo" au "njia" hueleweka haraka zaidi.

Fungamano (ma-): kundi la kadi za mtandao zinazotumika kama moja. "Fungamano lina kadi mbili, moja kazini na moja ya akiba."

-shika nafasi: hutumika kwa kadi ya akiba inapoanza kazi. "Kebo ya kwanza ilipochomolewa, kadi ya pili ilishika nafasi." Usemi "kubadilishana kazi" haufai hapa, kwa kuwa hudokeza kwamba kadi zote mbili bado ni nzima.

-katika na -katikakatika: kitenzi kinaporudiwa huonyesha kutokea mara kwa mara. "Mtandao umekatika" na "mtandao unakatikakatika" ni hitilafu mbili tofauti. Ya kwanza huelekeza kwenye kebo au kadi. Ya pili, mara nyingi, huelekeza kwenye pande mbili zisizopatana. Mfasiri asizifanye kuwa moja, kwa maana fundi husoma silabi hizo tatu za ziada kama daktari anavyosoma tofauti kati ya maumivu yanayodumu na yanayokuja na kuondoka.

Mwongozo uliotajwa mwanzoni ungeweza kuokolewa kwa sentensi mbili: "Chomeka kebo za kadi zote mbili kwenye swichi. Kisha zifungamanishe kadi hizo, ndani ya seva na ndani ya swichi, kwa namna ile ile." Ni ndefu kuliko ile ya kwanza kwa maneno kadhaa, na yeyote atakayezisoma atajua mkono uende wapi.